Mwenye Minazi Hakuhudhuria Kikao

Ifahamike kwa wote kwamba Kijiji cha Kwamsufi ndicho kilichokuwa cha kwanza katika mwambao wa Tanga kufikia Umiliki Bora. Vijiji vingine vilipata mabomba, vingine zahanati, na kimoja upande wa Maramba kilipata trekta, ingawa lilikuja bila injini. Sisi tulipata Umiliki Bora. Hauli dizeli, haupati kutu, na hauibiwi, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kujua umewekwa wapi.

Mimi Fadhil nilikuwa Katibu wa Kamati ya Umiliki Bora ya kijiji. Naeleza mambo haya kwa sababu wengi waliohudhuria vikao vile wametangulia mbele ya haki, na mjumbe mmoja alikuwa ametangulia tangu kabla vikao havijaanza, jambo lililoleta usumbufu mdogo wa kiutawala.

Ilikuwa baada ya miaka ya foleni. Atakayekumbuka atakumbuka. Sabuni tulipika wenyewe kwa mafuta ya nazi na majivu. Ofisi ya kijiji iliwasha taa kwa mafuta hayo hayo, hivi kwamba kila barua iliyotoka kwetu kwenda wilayani ilinukia kama mchuzi. Tulikula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, tukausema, kisha yanga yenyewe ikaadimika tukaanza kuusifu. Halafu siku moja redio ikasema ruksa. Sabuni ikarudi, mitumba ikaja, na duka la ushirika likafungwa jioni likiwa la wananchi wote na kufunguliwa asubuhi likiwa na mwenyewe, na ndani yake sukari. Wakubwa wakaona muujiza huo wakatoa funzo: kitu kikipata mwenyewe, sukari hutokea. Basi likabaki jambo moja tu, kila kitu nchini kitafutiwe mwenyewe.

Aliyeletwa kwetu kwa kazi hiyo ni Ndugu Ernesti, Afisa wa Umiliki Bora wa wilaya. Alikuja na pikipiki ya serikali, suti ya mikono mifupi yenye mifuko mingi, na kalamu katika kila mfuko. Alikuwa mtu mwema. Sijapata kumwona akimkemea mtu bila kumweleza kwanza ni kifungu gani kinachomkemea. Alisimama katika uwanja wa shule akasoma tangazo kuu, kwamba kuanzia siku ile kila mti wa kudumu katika ardhi ya Kwamsufi uwe na mwenyewe mmoja, aliye hai, anayejulikana kwa sura. Tulipiga makofi sana. Kwa kila kinachosomwa na mtu wa wilayani sisi hupiga makofi, ni uzoefu tulioupata kwa miaka mingi na hatupendi upotee.

Siku iliyofuata tuliingia mashambani, yeye mbele, mimi na Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Maulid, nyuma yake. Akauliza mnazi wa kwanza ni wa nani. Maulid akamwambia ni wa Bakar. Na ule wa pili? Wa Bakar. Na huu ulioinama? Huo wa Rahila, na ule unaotazamana nao ni wa Shehe, lakini kuanzia hapo mpaka kule bondeni yote ya Bakar. Ndugu Ernesti aliandika huku akizidi kuchangamka. Akasema taifa linawahitaji watu kama huyu Bakar. Kwamba wakati wenzake walikuwa wanalala, yeye alikuwa anapanda. Akataka kumpa mkono.

Maulid akakohoa. "Bakar hayupo, ndugu."

"Amesafiri?"

"Ndiyo," alisema Maulid, ambaye hakupenda kumvunja mgeni moyo.

"Anarudi lini?"

"Hilo ni la Mungu."

Ndugu Ernesti akaandika kwamba mkulima bora wa kijiji yuko safarini na tarehe ya kurejea itatajwa.

Hapa yafaa nieleze desturi yetu, isije ikadhaniwa tulimdanganya mtumishi wa umma. Kwamsufi mti haubebi jina la mtu aliye hai. Mtu akiwa hai, mnazi wake huitwa kwa mahali ulipo au kwa umbo lake: mnazi wa kisimani, mnazi wa kibiongo, mnazi wa jikoni. Kuutaja mti kwa jina la mtu anayetembea ni kumharakisha. Akishazikwa, ndipo mti hupokea jina lake, na jina hilo hukaa mpaka mti uanguke. Anayeokota nazi ni mwingine. Huyo ni mlaji, na mlaji hajulikani kwa jina, hujulikana kwa kikapu. Ndugu Ernesti aliuliza miti ni ya nani. Tulimjibu kwa usahihi. Angeuliza nani anakula, tungemjibu hilo pia.

Mlaji wa minazi ya Bakar alikuwa mjane wake, Bi Mwatum. Bakar ndiye aliyechimba mashimo, na Bi Mwatum ndiye aliyebeba miche kichwani kutoka Mkwaja, akaiweka na majivu na chumvi kidogo, akaimwagilia mpaka ikashika. Bakar alifariki katika miaka ya yanga. Hawakujaliwa mtoto. Tangu hapo kila asubuhi Bi Mwatum alifunga mlango, akachukua kikapu na kumwambia jirani yake, "Naenda kwa Bakar," kisha akaenda kuokota zilizoanguka. Mafuta aliyokamua ndiyo yaliyokuwa yakiwasha taa ya ofisi niliyoisema.

Ndugu Ernesti aliporudi kwa kikao cha kuthibitisha wenyewe, aliita jina la Bakar, akaliita tena, na safari hii sauti moja kutoka nyuma ikamweleza kwamba huyo anayemwita yuko makaburini, upande wa mzambarau, na hana haja ya kupaziwa sauti. Ndugu Ernesti akataka kujua kwa nini hakuelezwa mapema. Maulid akamkumbusha kwa heshima kwamba alielezwa hayupo.

Alikasirika kidogo, akapoa. Akatueleza kwamba marehemu ni mtu aliyejiondoa katika uzalishaji kwa hiari au vinginevyo, na hivyo hawezi kumiliki. Lakini serikali haina ugomvi na wajane. Njia ni rahisi. Bi Mwatum asimame mbele ya kikao, aseme minazi hii si ya Bakar tena, ni ya Mwatum, na jambo limekwisha. Wengi tuliona huo ni uungwana mkubwa. Kwa muda wa sekunde chache Umiliki Bora ulikuwa umekaribia kutufaa.

Bi Mwatum akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Minazi iitwe ya Mwatum?" aliuliza. "Nife kwanza?"

Watu wakacheka. Ndugu Ernesti naye akatabasamu, maana alikuwa na kibali cha kutabasamu vijijini.

"Hapana, mama. Uishi sana. Sema tu kwamba si ya Bakar."

Bi Mwatum akatikisa kichwa.

"Hilo ndilo siwezi," alisema. "Nguo zake nimezigawa. Nyumba aliyoijenga iliangushwa na mvua, nikajengewa nyingine. Mtoto hakuniachia. Kutwa nzima sina pa kumtajia, mwanangu, ila asubuhi nikishika kikapu. Sasa unataka nisimame hapa mbele za watu nimtoe na huko?"

Kikao kikaingia katika ukimya ambao haukuwa katika ajenda. Mimi niliutumia kunoa penseli.

Ndugu Ernesti akafungua kitabu cha kanuni na kutusomea kwamba mti usio na mwenyewe aliye hai huitwa mali iliyosinzia. Mali iliyosinzia hukabidhiwa Mwangalizi wa Muda. Mwangalizi wa Muda anapaswa kuwa mtu mwenye uelewa wa kanuni, asiye na upendeleo, asiye mkazi wa kijiji. Alitutazama mmoja mmoja, akahuzunika kuona kwamba mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa anasoma. Akaikubali minazi. Kuhusu Bi Mwatum, alitoa uamuzi wa huruma: asizuiwe kabisa kwenda shambani. Anaruhusiwa kupita katika minazi wakati wowote wa mchana, ila asiiname.

Nami naweza kushuhudia kwamba aliutii uamuzi huo. Kesho yake nilimkuta shambani kabla ya jua kupanda. Nazi zilikuwa zimeanguka huku na huku, na yeye anapita katikati yake na kikapu kitupu, mgongo wima kama mtu aliyebeba mtungi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuza shingo. Taa ya ofisi haikuwashwa jioni ile. Nilikaa kizani, mahali ambapo hata hivyo hapakuwa na kazi.

Haukupita muda Ndugu Ernesti akarudi na kifurushi cha vibati, nyundo na misumari. Alikuwa na wasiwasi kwamba wasioelewa wanaweza kuendelea kuiita miti kwa majina yaliyofutwa. Akapita mti hadi mti, wa Bakar, wa Rahila, wa Shehe, akagongomelea kibati juu ya kila shina, kimeandikwa kwa rangi nyekundu iliyokolea: MNAZI WA ERNESTI. Kisha akawasha pikipiki akaondoka, ametosheka.

Asubuhi Bi Mwatum alikuja barazani kwangu. Hakujua kusoma, na alitaka nimsomee kilichoandikwa kwenye bati.

"Kimeandikwa mnazi wa Ernesti," nikamwambia.

Akaweka kikapu chini. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Lini?"

Nikasema sina taarifa.

"Juzi tu alikuwa mzima. Ndiye aliyenikataza kuinama."

Nikasema kifo hakipigi hodi. Ofisi haikuwa imeletewa mwongozo wowote unaoeleza kwamba mtu aliye hai anaweza kugongomelea jina lake kwenye mnazi, na Katibu huongozwa na miongozo.

Maulid aliitisha kikao cha dharura. Kijana mmoja aliuliza kama haiwezekani kwamba Ndugu Ernesti yu hai. Swali lilichukuliwa kwa uzito. Maulid akauliza kikao kama kuna yeyote, tangu utoto wake, aliyewahi kuona mnazi wenye jina la mtu anayepumua. Hakuna. Ikaulizwa, basi nani aliyegongomelea vibati? Mtu aliyekuwapo akasema alimwona marehemu mwenyewe akivigongomelea. Wazee wakatikisa vichwa. Wakasema basi ilimjia ile hali ambayo huwajia wengine, akajua, akataka asiache kazi nusu. Afisa kweli kweli. Kumbuka alivyokuwa na kalamu nyingi.

Nikaandika barua ya rambirambi kwenda wilayani, nikagonga mhuri. Tukasifu utumishi wake. Sikuona kosa katika barua ile wakati ule, na kusema kweli nimeisoma tena juzi na bado silioni.

Tena hatukuishia kwenye barua. Mtu aliyeacha miti Kwamsufi huzikwa na Kwamsufi, na kama hakuzikwa, huliliwa. Naushad, mnunuzi wa mbata, zile nazi zilizokaushwa, kutoka Ngamiani, alikuwa amekuja na lori lake. Tukamwomba atuchukue pamoja na mzigo. Wanawake wakapanda na mikeka, mchele, kuni na sufuria, wanaume wakakaa juu ya magunia ya mbata, tukaenda Tanga tukinukia kama sikukuu.

Nyumba ya Ndugu Ernesti ilikuwa katika mtaa wa katikati ya Ngamiani, nyumba safi yenye baraza ya saruji. Lori lilipokata kona wanawake walianza kulia, kama inavyopasa. Mkewe, Bibiana, alikuwa uani anafua. Alitoka na mikono ya mapovu akaona umati unashuka na mikeka mlangoni kwake. Bi Mwatum akamkumbatia akamwambia ajikaze. Bibiana akalia kwanza, kama ambavyo mtu yeyote angelia, kisha ndipo akauliza nani amekufa.

Alipoambiwa, alisema haiwezekani, mume wake ameondoka asubuhi hii hii kwenda kazini, mzima, amekunywa chai.

"Ndivyo wanavyoondoka," alisema Bi Mwatum. "Wangu naye aliondoka asubuhi mzima. Chai yake niliifunika kwa kawa mpaka ikapoa."

Wakaketi pamoja juu ya mkeka. Baada ya hapo haikuwezekana tena kuwatenganisha kwa hoja. Majirani walikuja, mabenchi yakaazimwa, moto ukawashwa. Tarishi wa wilaya, ambaye alikaa nyumba ya tatu, alipita akitoka kuchukua chakula cha mchana, akaona, akavua kofia, akarudi ofisini mbio.

Ndugu Ernesti mwenyewe alifika saa za alasiri, kwa miguu, kwa sababu pikipiki ilikuwa imekwisha mafuta upande wa bandarini. Akaona nyumba yake imejaa watu. Akamwuliza mzee mmoja aliyekaa mwisho wa benchi ni msiba wa nani.

"Wa mwenye nyumba, Mungu amrehemu," alisema mzee, akisogea kumpa nafasi. "Kaa hapa. Wali bado kidogo."

Na Ndugu Ernesti, ambaye ni mtu wa adabu, akakaa. Alikaa kwa muda wa kutosha kuulizwa anamfahamu marehemu kwa vipi. Hapo Bibiana akatoka na upawa mkononi, akamwona, na upawa ukaanguka.

Sitaeleza yote. Palikuwa na kelele kidogo za kifamilia. Ndugu Ernesti alipanda juu ya benchi akatamka kwamba yeye si marehemu. Maulid akamwambia kwa upole kwamba hatutabishana naye, msibani hakubishwi, na ashuke asije akaanguka. Kwa kuwa wali ulikuwa umeiva, ulipakuliwa. Naye alikula, na wengi walisema alikula vizuri.

Kwetu jambo lingeishia hapo. Wilayani lilikuwa limeanza. Barua yetu ilikuwa imefika na mhuri wake, tarishi akathibitisha kwa macho, na bahati ilivyo, asubuhi ile ile mkuu wa idara alikuwa amepokea agizo la kupunguza watumishi. Alikuwa ameinamia majina yao ameshika kichwa, hajui aanze na nani, kumbe mmoja amejipunguza mwenyewe bila malalamiko. Jina likakatwa kwa wino. Kabla ya saa za kufunga kazi, meza ya Ndugu Ernesti ilikuwa imekwishahamishiwa chumba cha Lishe.

Alipokwenda kesho yake kueleza kwamba yu hai, mkuu wake alimpokea vizuri, akampa kiti, akampa pole. Akamweleza kwamba binafsi hana shaka. Tatizo ni kwamba idara ina utaratibu wa mtumishi kufa lakini haina utaratibu wa mtumishi kurudi. Taarifa hurekebishwa na aliyeitoa. Arudi Kwamsufi, kikao cha kijiji kithibitishe kwamba yuko hai, alete karatasi.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Ndugu Ernesti alisimama tena katika uwanja wa shule yetu, safari hii bila pikipiki, kofia mkononi. Ajenda ilikuwa moja: Uhai wa Ndugu Ernesti. Maulid aliifungua kwa kumkaribisha, kisha akajisahihisha akasema anamkaribisha kwa masharti, kwani kumkaribisha kabla ya uamuzi kungekuwa ni kukiingilia kikao.

Mjadala ulikuwa wa kina. Mmoja alisema kivuli anacho, amekiona. Mwingine akasema hata gogo lina kivuli. Ndugu Ernesti akaomba aulizwe swali lolote, akaulizwa kama anakumbuka siku aliyozaliwa, akasema hakumbuki, na hilo halikumsaidia. Mwishowe Maulid akasema tusipoteze muda, kanuni ya wilaya iko wazi, taarifa hurekebishwa na aliyeitoa. Mimi Katibu niliandika tu. Aliyeleta habari za kifo barazani kwangu alikuwa Bi Mwatum. Basi Bi Mwatum ndiye anayeweza kumfufua.

Bi Mwatum akaitwa mbele. Alikuwa amekuja na kikapu chake kitupu, ameketi nacho magotini muda wote.

"Bi Mwatum," aliuliza Maulid, "unamwona Ndugu Ernesti?"

Akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Namwona."

Ndugu Ernesti akashusha pumzi. Maulid akaniashiria niandike.

"Ngojeni," alisema Bi Mwatum. "Na Bakar namwona. Andika wote, Fadhil."

"Mama," alisema Ndugu Ernesti taratibu, "Bakar amekufa."

"Na wewe umekufa, mwanangu. Wilaya imesema."

"Lakini mimi nimesimama hapa."

"Umesimama kwa ushahidi wangu. Au wataka macho haya yawe mazima yakikutazama wewe, yakimtazama mume wangu yawe mabovu?"

Ndugu Ernesti akanigeukia mimi, kama mtaalamu kwa mtaalamu. Nilimweleza kwa masikitiko kwamba kwa mujibu wa kitabu chake mwenyewe, ushahidi wa shahidi mmoja hupokewa mzima au hukataliwa mzima. Hakuna kifungu cha kupokea nusu ya macho. Alisimama akifikiri. Nyuma yake jua lilikuwa linawaka juu ya minazi, na vibati vyake vinametameta toka hapo hadi bondeni. Sidhani kama mtu mwingine yeyote wilayani amewahi kuwa na makaburi mengi kiasi kile akiwa hai.

"Andika wote," alisema.

Nikaandika kwamba kikao kimethibitisha kuwa Ndugu Ernesti na Ndugu Bakar wote wako hai. Bakar alikuwa mjomba wangu. Siku ya maziko nilishika upande mmoja wa shuka juu ya kaburi, kwa hiyo nilikuwa na taarifa za kutosha kuhusu jambo hilo, kuliko wengi. Niliweka sahihi yangu. Ndugu Ernesti akaweka yake chini yake, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Kwa kuwa mwenyewe, Bakar, alikuwa hai, mali haikuwa imesinzia tena. Ndugu Ernesti aling'oa vibati kwa mikono yake, Bi Mwatum akimfuata nyuma na kikapu. Kwenye kila mti alipokea misumari, akamshukuru, kisha akainama.

Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba karatasi ile ilifika mbali. Ndugu Ernesti alirudishwa katika orodha ya walio hai na kupewa nusu ya meza katika chumba cha Lishe. Lakini upepo wa mageuzi ulikuwa unazidi. Ukaja waraka mpya, kwamba watumishi wa serikali waache kuongoza Kamati za Umiliki Bora, wapishe wenye mali, kwa sababu mwenye mali ndiye mwenye uchungu. Mwenyekiti wa Kamati ya wilaya nzima awe mwananchi aliye hai mwenye miti mingi ya kudumu iliyothibitishwa. Wakapekua. Katika wilaya yote, mtu pekee ambaye uhai wake na miti yake vilithibitishwa kwa kikao, mashahidi na sahihi ya afisa, alikuwa Ndugu Bakar wa Kwamsufi. Wakamteua. Makao ya Kamati yakahamia kwetu. Na kwa kuwa Kamati sasa ilikuwa na kiongozi imara, nafasi ya Ndugu Ernesti ikaonekana haina kazi, akapunguzwa, safari hii kwa taratibu zote.

Nilikwenda kumpa Bi Mwatum habari za uteuzi. Alikuwa anakuna nazi. Alicheka mpaka akaiacha mbuzi.

"Vikao? Bakar?" alisema. "Akisikia kengele ya kikao alikuwa anapanda mnazini, hashuki mpaka mtawanyike. Mie ndiye niliyekuwa nampelekea maji chini ya mti."

Bi Mwatum alituacha mwaka wa mvua nyingi. Aliondoka akiwa amemtaja mumewe kila asubuhi isipokuwa zile chache za uangalizi. Mnazi wa kisimani, ambao aliupanda mwenyewe, sasa unaitwa wa Mwatum. Maulid naye anao wake. Mimi nafika huko jioni nikitoka kazini, naokota ninachokikuta.

Kamati bado ipo, na nadiriki kusema ndiyo kamati bora kuliko zote nilizozitumikia. Kanuni inasema hakuna mti utakaohama kutoka mkono hadi mkono mpaka Mwenyekiti akalie kiti na kutoa idhini. Mwekezaji mmoja alikuja na ramani, akasubiri, akaondoka na ramani yake. Mbunge alituma mtu. Huyo naye alisubiri. Tunatoa kiti nje kila kikao, tunakifuta vumbi, tunasubiri mpaka jua linapogeuka, kisha tunaahirisha.

Kikao kilichopita kilikuwa na ombi moja tu, la Ndugu Ernesti. Mambo ya mjini yamekuwa magumu, na yeye na Bibiana wanaomba sehemu ndogo pale bondeni, wapande minazi michache ya uzeeni. Nililisoma ombi mbele ya kiti. Alikuja mapema, amevaa ile suti, mifuko haina kalamu, akakaa mbele kabisa. Mwenyekiti hakutokea. Tulipotawanyika alibaki kunisaidia kurudisha kiti ndani, akakibeba kwa mikono miwili, polepole, kikiwa wima, kama mtu anayechelea kumwangusha aliyekikalia.